Juba: Anayetaka Kijapani amtafute mwalimu asiyeondoka na ndege

JUBA

KIJAPANI husikika kila siku nje ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, ila wanaokisikia hawakielewi. Dereva wa teksi akiwasha Probox au Premio kumpeleka abiria mjini, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Kuna wanaodhani ni salamu, na wapo wanaoamini ni dua ya safari. Kumbe mwanamke huyo analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijachomekwa. Gari limeshavuka bahari, limeshushwa Mombasa, limepita Malaba, Kampala na Nimule, na bado linadai kadi isiyo na kazi yoyote Juba.

Kwa dereva hicho ni kichekesho. Kwa mfanyabiashara aliyeliagiza gari lenyewe, Kijapani ni suala la fedha. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki hupitia minada ya Japani, na kila gari la mnadani lina karatasi yake moja: alama ya jumla, mchoro wa bodi wenye herufi za kasoro, na kisanduku ambacho mkaguzi ameandika kwa mkono kile alichokiona. Kisanduku hicho kimeandikwa Kijapani. Hapo ndipo faida ya safari nzima inapolindwa au kupotea.

Alama za jumla zimezoeleka kwa wengi. Gari la 4 au 4.5 ni zuri, la 3.5 lina makovu yake, na R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa, ingawa nyumba za mnada hutofautiana kidogo katika kupanga alama hizo. Herufi za kwenye mchoro nazo si ngumu: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Mambo hayo mtu huyajua kwa siku moja bila mwalimu.

Ugumu uko kwenye maandishi. Neno "shuufukureki" ni historia ya matengenezo makubwa ya bodi na fremu. "Shitamawari sabi" ni kutu ya chini ya gari, kilema cha kawaida cha magari yaliyotumika kwenye mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. "Ion" ni mlio usio wa kawaida, na mara nyingi unaotajwa ni wa injini au gia. "Kansui" ni gari lililozama kwenye maji. "Fumei" ni neno fupi linalomaanisha haijulikani, na likiwa pembeni ya kilomita, ile namba nzuri ya kilomita elfu sitini haina thamani tena. Karatasi inaweza kuwa na 3.5 safi huku pembeni kuna maneno mawili ambayo mnunuzi wa Juba angeyasoma angeliacha gari hilo hapohapo.

Kampuni nyingi za Japani zinazouza magari nje zina wafanyakazi wanaojibu kwa Kiingereza, na baadhi wanajibu kwa Kiswahili. Wapo mawakala waaminifu. Lakini wakala ana magari mengi ya kuuza kabla ya jioni, na tafsiri yake ya maneno ishirini ya mkaguzi hutoka maneno manne. Hakusema uongo, alifupisha tu. Mfanyabiashara anayelipa kwa dola zilizokusanywa kwa shida Konyo Konyo ana haki ya kujua yale kumi na sita yaliyobaki.

Kuna na suala la mwaka. Karatasi nyingi hazitaji 2011 wala 2021, bali zinahesabu kwa enzi za wafalme wa Japani. Herufi H ni Heisei, iliyoanza 1989, hivyo H23 ni 2011: mtu anajumlisha 1988. Herufi R mbele ya mwaka ni Reiwa, iliyoanza Mei 1, 2019, hivyo R3 ni 2021: anajumlisha 2018. R hiyo isichanganywe na ile R ya ajali, ambayo hukaa kwenye nafasi ya alama. Aidha, mwaka unaoandikwa kwa kawaida ni wa usajili wa kwanza, si wa kutengenezwa, na gari linaweza kuwa lilitoka kiwandani mwaka mmoja kabla. Kwa anayeuza nchi zaidi ya moja hili linauma. Kenya ina kikomo cha miaka 8, na Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia magari ya miaka 15 tangu kutengenezwa. Gari lililokosewa mwaka mmoja linaweza kukosa soko ambalo mwenyewe alilitegemea iwapo la Juba litadoda.

Basi mtu akaamua: nitafute mwalimu. Aanzie wapi?

Wazo la kwanza huwa ni kumtafuta Mjapani, na kwa Juba mahali pa kumwona Mjapani ni uwanja wa ndege. Wazo hilo lina historia. Kwa zaidi ya miaka mitano Wajapani waliishi kando kabisa ya uwanja huo. Kuanzia Januari 2012, miezi sita baada ya Sudan Kusini kujiunga na Umoja wa Mataifa, kikosi cha wahandisi wa jeshi la kujilinda la Japani kiliwekwa katika kambi ya Tomping, ubavuni mwa njia ya kurukia ndege, chini ya UNMISS. Walitengeneza barabara na kusawazisha viwanja, wakapokezana zamu baada ya zamu. Mei 2017 wakafunga mizigo wakaondoka.

Miezi miwili baada ya kuondoka kwao, maneno yaliyoandikwa kambini hapo yalitikisa serikali yao huko Tokyo. Taarifa za kila siku za kikosi, ziitwazo "nippoo", zilikuwa zimeeleza mapigano ya Juba ya Julai 2016 kwa neno "sentoo", yaani mapambano ya kivita. Bungeni, waziri wa ulinzi Tomomi Inada alikuwa akitumia neno jepesi zaidi, "shoototsu", yaani mgongano, kwa sababu katiba ya Japani inawabana wanajeshi wake wasiingie vitani. Ugomvi juu ya jinsi taarifa hizo zilivyofichwa ndio uliomfanya ajiuzulu Julai 2017. Anayedhani kwamba kuchagua kati ya maneno mawili ya Kijapani ni kazi ya walimu tu akumbuke kisa hicho, kilichoanzia mita chache kutoka pale anapopangia foleni ya mizigo.

Kwa mtafuta mwalimu, funzo la Tomping ni la kawaida zaidi. Mjapani wa Juba huja kwa mkataba na huondoka na ndege. Ilitokea Desemba 2013, ikatokea tena Julai 2016 vita vilipolipuka mjini: wafanyakazi wa shirika la misaada la Japani, JICA, waliondolewa, na ujenzi wa Daraja la Uhuru juu ya Nile, ulioanza 2013 kwa fedha za Japani, ukasimama. Daraja hilo lilifunguliwa Mei 2022, baada ya miaka tisa na kukatizwa mara kadhaa. Malori yanayotoka Nimule yanalijua. Mhandisi wa daraja anaweza kuwa mtu mwema na mwenye subira, anaweza hata kukubali kufundisha Jumamosi mbili tatu hotelini. Lakini likizo yake inajulikana, mkataba wake una mwisho, na hali ikichafuka yeye ndiye wa kwanza kuitwa uwanjani. Mwanafunzi hubaki na daftari lenye kurasa sita.

Tena kuzungumza lugha si kuifundisha. Mfanyabiashara wa Juba anayezungumza Kiswahili vizuri na ajaribu kumweleza Mjapani kwa nini tunasema "gari limefika" lakini "magari yamefika", ndipo atajua shida ya mhandisi yule.

Waliobaki ni wenyeji waliokwenda wakarudi, na hawa husahaulika kwa sababu hawana sura ya Kijapani. Mpango wa masomo wa ABE, uliotangazwa kwenye mkutano wa TICAD wa Yokohama mwaka 2013, umewapeleka vijana wa Kiafrika, wakiwamo wa Sudan Kusini, kusoma shahada ya uzamili Japani na kufanya kazi kwa muda katika kampuni za huko. Masomo yao kwa kawaida ni ya Kiingereza, lakini mtu hakai Japani miaka miwili akinunua mboga kwa Kiingereza. Wanaokwenda kwa ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani mara nyingi huanza na miezi sita ya lugha tupu. Pa kuwaulizia ni Chuo Kikuu cha Juba na ubalozi wa Japani uliopo mjini.

Umma wa Juba unaujua mfano mmoja ulio hai. Novemba 2019 wanariadha wanne wa Sudan Kusini na kocha wao walifika Maebashi, mji wa mkoa wa Gunma, kujiandaa kwa Michezo ya Olimpiki na ya Walemavu ya Tokyo. Korona ikaahirisha michezo, nao wakabaki Maebashi hadi 2021 wakilelewa na mji huo. Asubuhi mazoezi, siku kadhaa za juma darasa la Kijapani. Abraham Guem, aliyekimbia mita 1,500 Tokyo, na wenzake waliondoka nyumbani bila neno la lugha hiyo. Miezi michache baadaye waliweza kusalimiana na majirani na kujieleza mbele ya watoto wa shule. Walikuwa na mwalimu wa kudumu na ratiba isiyobadilika, na hivyo viwili ndivyo vinavyokosekana Juba.

Ratiba isiyobadilika inapatikana Nairobi. Huko Kijapani kimefundishwa vyuoni kwa miongo kadhaa, kwa sehemu kwa ajili ya waongoza watalii, na mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo, JLPT, hufanyika humo kila Desemba. Hivyo kuna Wakenya wenye vyeti vinavyoweza kukaguliwa, wanaofundisha kwa kulipwa kwa saa, na wanaoweza kueleza sarufi ya Kijapani kwa Kiswahili. Kwa mfanyabiashara anayepanda ndege ya Nairobi mara mbili kwa mwezi, njia nafuu ni kukutana na mwalimu ana kwa ana masomo ya kwanza mawili au matatu, kisha kuendelea kwa simu akiwa Juba. Intaneti ya Juba hukatika, ndiyo. Somo la sauti pekee hutumia bando dogo kuliko la video, na picha ya karatasi ya mnada hutumwa kwa WhatsApp kabla ya somo.

Anayemtaka Mjapani hasa anaweza kumpata mtandaoni akiwa kwao Japani, ila apige hesabu ya saa vizuri. Tangu Februari 2021 saa za Juba ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, na nyuma ya Japani kwa saba. Mwalimu wa Tokyo anayefundisha saa mbili usiku baada ya kazi yake, kwa Juba ni saa saba mchana, duka likiwa limejaa wateja. Mwalimu wa Nairobi wa saa moja jioni, kwa Juba ni saa kumi na mbili. Hiyo ni saa ya kufunga hesabu za siku, nayo inafaa.

Kabla ya kukubaliana bei kuna jaribio ambalo halihitaji mnunuzi ajue neno lolote. Achukue karatasi ya mnada ya gari ambalo tayari liko yadi yake, gari analolijua kila kovu, afute namba ya chasisi, ampe mwalimu asome. Mwalimu akitaja kutu ambayo fundi aliiona Juba, na mlango ambao fundi aliupaka rangi, huyo anasoma. Akisema mwandiko ni mbaya kwenye neno moja, huyo anasema kweli, kwani wakaguzi huandika kama madaktari. Akisema yote ni mabaya, ashukuriwe kwa muda wake. Kwa wengine cheti cha N3 kwenda juu ni ushahidi mzuri, lakini wapo wenye N2 wasiojua jina la kifaa chochote cha gari. Wapo pia makarani waliokaa Yokohama kwenye yadi za magari bila cheti chochote, ambao karatasi huisoma kama wanavyosoma majina ya ndugu zao. Kwa biashara hii wa pili ana faida. Malipo yawe kwa somo, si kwa muhula.

Mwanafunzi naye aseme anataka nini. Anayetaka kusoma karatasi za mnada anahitaji herufi za katakana, ambazo za msingi ni 46, namba, na pengine maneno hamsini ya kanji. Hiyo ni kazi ya miezi mitatu kwa mtu mwenye duka. Anayetaka kupiga simu na kujadili bei anahitaji mwaka mzima au zaidi. Anayetaka mtoto wake apate ufadhili wa kwenda Japani anahitaji mwalimu wa aina nyingine kabisa. Wengi humwambia mwalimu "nifundishe Kijapani" tu, naye huanzia ukurasa wa kwanza wa kitabu: huyu ni mwanafunzi, yule ni Bwana Tanaka. Miezi miwili baadaye karatasi bado haisomeki.

Msemaji wa Kiswahili haingii darasani mikono mitupu. Irabu za Kijapani ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na silabi hufungwa kwa irabu kama zetu. Maneno ya gari yalitoka kwa Mwingereza kwa lugha zote mbili, yakanyooshwa kwa namna moja: breki ni "bureeki", injini ni "enjin", betri ni "batterii", tairi ni "taiya". Mtu akishazijua katakana, nusu ya karatasi anaisoma kwa sauti na kuielewa bila kamusi. Mwingereza mwenyewe hapo hubabaika.

Kinachomtega ni kufanana huko huko. Saba kwa Kijapani ni "nana", na nane ni "hachi". Anayesikia "nana" akaandika 8 amebadilisha bei, na hili hutokea zaidi mtu akiwa na haraka. "Saba" yenyewe ni jina la samaki wa jamii ya vibua. Dubu huitwa kwa neno ambalo walimu wa Afrika Mashariki hulipita mbio, na gazeti hili litafanya hivyo pia. Urefu wa irabu nao hubadili maana: "obasan" ni shangazi au mama mdogo, "obaasan" ni bibi. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo humzeesha shangazi wa watu bila kukusudia.

Namba kubwa zinastahili somo zima. Wajapani hawahesabu kwa maelfu kama sisi, wanahesabu kwa "man", yaani elfu kumi. "Hachijuugo man" ni themanini na tano za elfu kumi, yaani yen 850,000. "Hyaku man" ni milioni moja. Mtu aliyezoea kuongeza sifuri tatu huishia na bei iliyo moja ya kumi ya ile halisi, akafurahi, akampigia mteja wake Torit kumwahidi gari. Mwalimu anayejua biashara huanza na "man" wiki ya kwanza.

Kwa wasioweza kumlipa mwalimu bado, shirika la utangazaji la Japani lina masomo ya bure ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili kwenye tovuti ya NHK WORLD-JAPAN, na taasisi ya Japan Foundation ina darasa la bure la mtandaoni liitwalo Minato. Yote ni Kijapani cha salamu, dukani na kazini, hakuna kutu wala gia. Yanafaa kwa sikio, na yanampunguzia mwalimu wa kulipwa saa za kufundisha "konnichiwa".

Mtihani wa JLPT wa Nairobi hufanyika Jumapili ya kwanza ya Desemba, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla. Ngazi ya chini ni N5. Hauna sehemu ya kuzungumza, ni kusoma na kusikiliza tu, jambo linalomfaa msoma karatasi kuliko mpiga simu. Anayetoka Juba kwenda kuufanya akate tiketi mapema, maana ndege za Nairobi na Entebbe wiki hizo huanza kujaa wanaokwenda nyumbani kwa Krismasi. Akishatua, asogeze saa yake mbele kwa saa moja, kwani mlango wa chumba cha mtihani hufungwa kwa saa za Nairobi.